Aliyetoka Mbali Ndiye Atakayempa Mtoto Jina

Hapo zamani, si zile za majini, hizi za juzijuzi za ndege na simu, palikuwa na Bi Kibibi wa Magomeni. Mwanawe Shekue alifariki, na nduguze wawili walioko ng'ambo hawakuja kumzika. Udhuru tu! Bi Kibibi akabaki na kinyongo. Mjane wa Shekue, Mashavu, alipojifungua mtoto wa kiume, bibi akawapigia simu wale wawili: "Atakayemjia mtoto huyu kutoka mbali zaidi, ndiye atakayempa jina siku ya saba."

Alikuwa akiwavuta tu waje. Loo, wakaja wote!

Siku ya saba mbuzi kachinjwa, shehe kafika, wembe tayari, mtoto yuko mapajani mwa bibi. Mwanahamisi wa Guangzhou, kule Uchina, akaanza. "Mama, mimi nimeruka kilomita elfu nane na ushee. Nani katoka mbali kunishinda? Mtoto aitwe Shekue, ndugu yangu asipotee."

"Uliondoka saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Ukafika saa kumi jioni. Hizo si saa sita? Mbali gani huko? Mbona hata basi la Tanga huchukua saa sita!"

"Nimeruka kwa saa kumi na moja, mama! Saa za kule ziko mbele kwa saa tano."

"Mbele ya nani?" Bi Kibibi akahesabu vidole, vikamgomea.

Bakari wa Maskati akadakia. "Mimi ndege ya moja kwa moja ilijaa. Nikapelekwa Istanbul, nikalala kwenye kiti, ndipo nikarudishwa huku kusini. Saa thelathini na mbili njiani, mama! Aitwe Sefu, jina la marehemu baba."

"Kuzunguka si kutoka mbali," Mwanahamisi akamkata. "Maskati ni kilomita elfu nne, tena hazifiki."

"Na za kuzunguka nani kaziruka, wewe?"

Kichwa kikamzunguka Bi Kibibi. Huyu kilomita nyingi saa chache, huyu saa nyingi kilomita chache. Ah! Angejua angenyamaza.

Mashavu akasema kutoka mkekani, taratibu. "Mama, mimi sijapanda ndege. Uchungu ulinishika Jumanne alfajiri, mtoto kaja Jumatano magharibi. Saa thelathini na nane nimezihesabu kwenye saa ya ukutani, na Shekue hayupo wa kunishika mkono. Aliniachia jina kabla hajafa. Idrisa. Hakuna aliyeniuliza."

Bi Kibibi akalia mbele ya watu. Ahadi kaitoa yeye kwa mdomo wake. Akiivunja, wanawe watarudi walikotoka na huenda wasije tena, hata kumzika yeye. Akiitimiza, anamnyima marehemu neno lake la mwisho.

Shehe akainama juu ya mtoto. "Bibi, wageni wanangoja. Nimwite nani?"

Haya, nyie mnaonitolea macho hapa, msaidieni mama wa watu: kilomita, saa za angani, au saa za mkekani? Je, nani alistahili kumpa jina mtoto wa Shekue?