Kikapu cha Mjumbe Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, kama mmemeza maji ya moto? Paukwa tena!

Pakaaawa!

Ehee, sasa mko macho. Hapo zamani za kale, pimbi walikuwa na nchi yao juu ya majabali. Majani walikuwa nayo, maji hawana. Bwawa lilikuwa moja tu, bondeni kwa Nyati, na Nyati hakupenda jirani. Mwaka huo mvua ikagoma. Watoto wa pimbi ndimi zikawakauka.

Mfalme wa pimbi akamwita mjumbe wake, Bi Tunu. "Nenda kwa Nyati ukatuombee maji. Ukirudi mikono mitupu, watoto hawa tutawazika."

Bi Tunu akashuka. "Hodi, Bwana Nyati! Tupe maji, nasi tutakuwa walinzi wako. Tukimwona Simba kutoka juu, tutapiga kelele."

Nyati akacheka. "Weye, usiyefika hata kwenye goti langu? Toka!" Akapiga chafya moja tu, Bi Tunu akabiringika mpaka kichakani.

Mfalme akafoka. "Maneno basi! Peleka siafu!"

Bi Tunu akashuka na jeshi la siafu. Siafu wakampanda Nyati puani, masikioni, na kule ambako mbele ya wakwe sipataji. Nyati huyoo, mkia juu! Pimbi wakanywa, wakacheza ngoma.

Lakini siafu, vita vikiisha, njaa yao haiishi. Wakapanda majabali, wakawauma pimbi wenyewe, wakubwa kwa wadogo. Bi Tunu akaumwa sikio, akalia kwa uchungu na kwa aibu. Siku mbili nzima pimbi walimwaga majivu kuwafukuza. Huku nyuma Nyati akarudi bwawani, amenuna kweli kweli.

Mara ya tatu Bi Tunu hakungoja kutumwa. Akachukua kikapu, akakifunika kawa, akashuka nacho peke yake.

"Hodi, Bwana Nyati!" Akakitua chini polepole, kama anayelaza mtoto. Na desturi mnaijua: mzigo wa mgeni, mwenyeji haufunui.

Nyati akakikodolea macho. "Mna nini humo?"

"Tuzungumze kwanza, Bwana. Hawa sasa wametulia."

"Wametulia?"

"Tusipopaza sauti."

Nyati akalamba pua yake, bado imevimba. Akanong'ona, "Ulisema Simba akija mtapiga kelele?"

"Kila akija."

"Basi nyinyi kunyweni asubuhi, mimi mchana. Na hicho kikapu, dada yangu, rudi nacho kwenu."

Watoto wakanywa siku ile ile. Mfalme akamwuliza Bi Tunu, "Ulibeba siafu wangapi?"

Bi Tunu akafunua kawa. Vipande viwili vya boga. "Vilikuwa vitatu. Kimoja nimekula njiani."

Mfalme akachungulia kikapuni. "Na angefunua?"

"Angefunua, tungekwisha. Ila pua yake ilimkumbusha. Na mimi, Mfalme, sikio langu lilinikumbusha."

Basi wanangu, neno lisilo na nguvu hupigwa chafya, na nguvu isiyo na neno humgeukia aliyeituma. Mwenye akili humwacha askari akae nyuma, akatangulia yeye kusema hodi.

Ngano yangu nimeitua hapa. Iliyemkolea aende nayo kwao; isiyemkolea aniachie, nitaila na boga.