Bibi Kalunde, Mkwewe na Sangara wa Mtoni

Paukwa!

Pakawa!

Ah! Hiyo nayo ni pakawa? Mmekula au mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu.

Hapo zamani za kale, kando ya mto mmoja mpana, aliishi bibi mvuvi jina lake Kalunde. Akitupa ndoana, tubwi! Samaki. Akitupa tena, tubwi! Samaki. Hata leo watu wakibishana juu ya uvuvi huulizana, "Kalunde angefanyaje?"

Basi Limi, bintiye Kalunde, akajifungua. Na mila ya kijiji ilikuwa hivi: mzazi hunywa mchuzi wa sangara aliyevuliwa na mumewe kwa mkono wake mwenyewe. Mume asipomleta samaki huyo, mzazi hatoki ndani, na samaki wa mtu mwingine haonji. Limi alikuwa amedhoofika, maziwa hayatoki. Mtoto analia ng'aa, ng'aa, mchana kutwa.

Na mumewe? Shigela! Kijana mpole, mchapakazi, lakini mtu wa milimani, mchunga ng'ombe. Alishika ufito wa kuvulia kama fimbo ya kuswagia ndama.

Kalunde angemfundisha asubuhi moja tu. Lakini mkwe hazungumzi na mkwewe! Hamtazami usoni, hamtaji jina. Kalunde akaona afanye kama mama wakwe wote walivyofanya. Shigela alipopita uani, akamgeukia mbuzi.

"Wewe mbuzi," akasema kwa sauti, "sangara hali nyungunyungu. Anataka kisamaki..."

Shigela aliposikia sauti ya mkwewe, akajifunika uso, mbio! Mkwe mwenye adabu hasimami kusikiliza. Kalunde akabaki na mbuzi wake.

"...kilicho hai, jamani!" akamalizia. "Kitobolewe mgongoni, kiogelee!"

Mee, akajibu mbuzi.

Shigela akaenda mtoni na dagaa mkavu aliyemchukua jikoni. Akamtundika, akatupa, tubwi! Dagaa akaelea kama kijiti. Jioni akarudi mikono mitupu.

Kalunde akashika kichwa. Asubuhi akarudi kwa mbuzi, safari hii akisema haraka haraka. "Mbuzi, kisamaki kiwe hai! Na sangara hakai katikati ya mkondo, anavizia nyuma ya gogo..."

Mbio! Shigela keshatoweka.

"...lakini usilipande hilo gogo!" Kalunde akapiga kelele. "Kivuli chako kitamfukuza! Oo, kijana huyu ataniua!"

Shigela akavua kisamaki hai, hapo sawa. Akaliona gogo, hapo sawa. Akalipanda, akasimama juu yake, du, du, du, na kivuli chake kikatanda majini. Sangara gani angekaa? Jioni, mikono mitupu.

Ndani, Limi akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mtoto ananyonya hewa."

Moyo ulimuuma Kalunde, na hasira ilimpanda. Alimchukia mbuzi, akaichukia na adabu yenyewe. Asubuhi alimweleza mbuzi habari ya kivuli kwanza, kabla ya salamu, kisha akajitanda kaniki yake, akamfuata Shigela mpaka mtoni na kujificha kwenye matete.

Safari hii kijana alikaa ukingoni, jua likiwa mbele yake. Akatupa kisamaki juu ya mkondo, kikashuka taratibu mpaka kando ya gogo. Kimya. Kimya. Mara, pwaa! Ufito ukapinda.

Sangara, tena mkubwa!

Shigela akaruka, akauvuta mshipi kwa nguvu zote, kama anayevuta ng'ombe matopeni. Uzi wa katani ukalia twiii, twiii. Kalunde akauona unaanza kuchanika. Akatazama huku, akatazama kule. Mbuzi hayupo.

"Shigela!" akapiga ukelele. "Shigela, legeza! Mwache akimbie, achoke!"

Mto mzima ulisikia. Wanawake waliokuwa wakichota maji wakaangusha vibuyu. Shigela akageuka nusu, akataka kukimbia.

"Ukikimbia leo nitakutandika! Legeza!"

Akalegeza. Sangara akaenda. Akavuta kidogo. Sangara akarudi. Akaenda, akarudi, akaenda, akarudi, hata akachoka, akalala ubavu. Shigela akamkokota mchangani.

Jioni wazee walifika uani kwa Kalunde, nyuso zimekunjamana. Ndani Limi alikuwa ameshakunywa mchuzi wa sangara. Kalunde hakuinuka kuwapokea, alikuwa amechoka na wakwe, mbuzi na wazee pia.

"Shigela," mzee wao akauliza, "ni kweli mkweo amekuita kwa jina mbele za watu? Sema hapana, tuondoke."

Shigela akainamisha kichwa. Kisha akakiinua, akamtazama mkwewe usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ni kweli, wazee wangu. Na ninamlaumu," akasema. "Kwa nini hakuniita siku ya kwanza?"

Wazee wakatazamana. Ndani, mtoto alikuwa ananyonya, na kilio hakikusikika tena.

Basi, wenzangu, anayejua na aseme na mwenye haja, na anayeambiwa asikilize mpaka mwisho. Adabu ikimlaza mtoto na njaa, ivunjwe mchana kweupe.

Hadithi yangu imeishia hapo ukingoni. Chukueni funzo, nami niacheni nipumzike.