Utando Ndani ya Silinda

Karakana ya Daktari ilinuka dizeli, na sakafu yake ilikuwa nyeusi tititi. Jina hilo la Daktari fundi huyo alibandikwa na madereva, kwa kuwa aliisikiliza injini kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Fahari yake ilikuwa utando mgumu aliojifunza kuupaka ndani ya silinda ili pistoni ziteleze bila kukwaruzana na chuma, na gari litumie mafuta kidogo. Lori la kwanza kulipaka lilikuwa la mdogo wake, mbeba saruji.

"Kaka, limekuwa jepesi kama unyoya!" mdogo mtu alirudi akicheka. "Mlima niliokuwa nikiupanda kwa kulia, sasa naupanda kwa kuimba."

Sifa zikaenea, wateja wakamiminika, Daktari akavimba kichwa.

Siku moja, akimwaga oili ya lori lile, aliona vipande vyembamba vikimetameta ndani ya beseni. Utando ulikuwa ukibanduka. Mkewe, aliyemletea chai, akachungulia.

"Nini hiki, mume wangu?"

"Uchafu tu."

"Uchafu gani unang'aa hivi? Mwambie shemeji asiliendeshe."

"Nikisema, wateja wote watanikimbia. Nitakuwa kichekesho cha mji. Nabadilisha oili, mengine nitayashughulikia baadaye."

Mdogo wake alipokuja kulichukua lori, aliuliza kwa mzaha, "Mgonjwa anaendeleaje, Daktari?"

"Buheri wa afya," Daktari alijibu, macho ameyainamisha.

Lori lilikuwa likiteremka mlima na shehena yake pale vipande vilipoziba njia ya oili. Pistoni zilikwama, injini ikazimika ghafla. Usukani ukawa mzito kama jiwe, breki zikagoma. Lori likabingirika hadi bondeni, na dereva hakutolewa akiwa hai.

Msibani, Daktari aliketi kama aliyemwagiwa maji. Mama yao akamkazia macho mekundu.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyelishika gari la mwenzio mara ya mwisho. Hukuona kitu?"

"Sikuona, mama."

Mkewe hakustahimili. Aliangua kilio kilichowanyanyua watu vitini. "Aliona, mama! Aliona kwa macho yake! Nilimsihi aseme, akaogopa kuchekwa!"

Mama alijifunika uso kwa kanga, akampa kisogo mtoto pekee aliyebakiwa naye. Waombolezaji wakamwachia Daktari nafasi pande zote, asiwepo hata mmoja wa kumshika mkono. Ama kweli, mficha maradhi kilio humfichua.