Askari Aliyeitikia Jina Lake

Funikeni Biblia kwanza, wapendwa. Na nyie mnaonong'ona pale nyuma, nawaona. Leo nina mfano, na si mtamu.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyechukuliwa kwenda Burma, Vita vya Pili vya Dunia. Miaka mitano, barua hakuna. Basi wazee wakafuata desturi yao: wakakata mgomba, wakauvika shati lake, wakauzika badala yake. Mama yake akanyoa nywele. Matanga yakaanuliwa, watu wakarudi mashambani.

Mwaka wa sita kijana akatokea. Yu hai! Mguu mmoja anauburuta, akikohoa anatema damu. Mama akapiga yowe, akamkimbilia. Wazee wakamdaka.

"Usimguse! Huyu tumemzika. Mpaka achinjiwe mbuzi na ule mgomba ufukuliwe, ndipo aingie ndani ale na sisi."

"Basi mchinjieni leo," mama akasema. "Jamani, hamwoni alivyo?"

"Mama, Jumapili ijayo ni kumbukumbu ya mashujaa. Wageni wamealikwa, jina lake limeshachongwa kwenye jiwe la kanisa. Leo tukisema yu hai, si tutaaibika? Asubiri wiki moja tu."

Wiki moja tu! Kwa mtu anayetema damu! Wakamlaza kwenye kibanda nje ya ua, sahani ya chakula ikisukumwa kwa mti. Mama amekaa upande wa pili, analia, haruhusiwi hata kumpangusa jasho. Sasa niambieni, desturi yao ilikuwa na kosa gani? Hata! Desturi ilimwekea njia ya kurudi nyumbani, na ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Mbuzi alikuwepo, kisu kilikuwepo. Hawakutaka kuharibu sherehe.

Jumapili ikafika. Tarumbeta zikalia, wageni wakakaa mbele. Mzee wa kanisa akasoma majina taratibu, watu wanafuta machozi. Akafika: "Erasto Wafubwa!"

"Nipo!"

Sauti ilitoka dirishani. Kijana alikuwa amejikokota mpaka pale, ameshika nondo, amesimama wima kama alivyofundishwa jeshini. "Nipo, afande!"

Mzee wa kanisa akaenda pale dirishani, akamnong'oneza kwa upole kabisa: "Nyamaza, mwanangu. Tunakukumbuka."

Alikufa Jumanne, kule kule nje ya ua, mama yake hajamgusa.

Mnaguna? Msigune. Sisi je? Tumepaka rangi mnara wa mashujaa, kwaya imeshona sare mpya. Haya, hongereni. Na Bibi Tabitha wa kule ng'ambo ya mto, aliyekwenda vitani akiwa msichana wa miaka kumi na minane, akafua mashuka ya damu ya majeruhi hospitali ya askari, leo anakaribia miaka mia: nani hapa amepiga hodi kwake mwaka huu? Inueni mikono niione.

Mbona mnaangalia chini? Hata mimi mchungaji wenu sina mkono wa kuinua, na naona aibu. Paa lake linavuja, sote tunajua. Mvua ya jana sote tumeisikia, tukajivutia blanketi.

Kwaya, kaeni chini, hatuimbi. Vaeni viatu twende kwake sasa hivi, na Mungu atuhurumie tumkute hai.