Utupu wa Mzee Ndovu

Hapo zamani za kale, wanangu, ukame ulipoingia mpaka jikoni, Mama Kindi hakuwa na hata punje. Kila jioni alikoroga maji matupu kwa mwiko, kwaru kwaru, ili majirani wadhani anapika. Aibu ilimuuma kuliko njaa.

Asubuhi moja, du! du! du! Mzee Ndovu akaja. Hodi hakupiga, akapenyeza mkonga ghalani mwa Mama Kindi.

"Tupu!" akanguruma, kijiji kizima kikasikia. "Na sheria yetu mnaijua, ghala likikaa tupu, mwenye shida nalo alichukue. Mama mkwe wangu anakuja leo. Nalivunja, nijenge chumba chake!"

Majirani wakaja kuchungulia. Wengine wakacheka. Mama Kindi akatazama chini, masikio yakiwaka moto. Wanawe walilala humo humo ghalani. Likivunjwa, wangelala nje na fisi.

"Shikamoo, Mzee," akasema kwa sauti ndogo. "Nitahama. Ila kwanza nionyeshe kitu kitupu kabisa, nijue kikoje."

"Marahaba. Kazi ndogo hiyo!" Ndovu akanyakua kibuyu. "Hiki hapa."

Kindi akakigeuza mdomo chini, akakididimiza kwenye beseni la maji. Maji yakakataa kuingia. Akakiinamisha kidogo. Bwabwabwa!

"Nani huyo anatoka?" Kindi akauliza.

"Hewa!" watoto wakapiga kelele.

"Kumbe kilikuwa na mtu ndani!"

Ndovu akafura. "Basi naitoa hiyo hewa!" Akaubana mdomo wa kibuyu kwa ncha ya mkonga, akavuta, fyuuuu! Pwa! Kibuyu kikamng'ang'ania puani.

"Dibeitoa!" akasema, maana pua ilikuwa imeziba. "Sasa di kitupu!"

"Lo, hongera! Waite wote waje waone," Kindi akasema. "Na useme utupu ni wako, nisije mimi nikajisifia."

Ndovu akainua kichwa, akapaza sauti: "Joodi dyote! Joodi buode utupu wagu!"



Mama mkwe ndiyo kwanza alikuwa anafika, kikapu kichwani. Kikapu kikaanguka, puu!

"Utupu wake? Mkwe wangu anatuita tuone utupu wake?" Akajifunika uso kwa kanga, akageuka mbio alikotoka.

"Baba! Baba!" Maskini, alitaka kusema Mama. "Siyo huo! Di wa kibuyu!"

Wazazi walikuwa wameshaziba macho ya watoto wao. Ndovu akapiga chafya, kibuyu kikaruka, na hewa ikarudi ndani, vuuu!

"Imerudi, Mzee," Kindi akasema. "Kitu kitupu hujanionyesha bado. Basi na ghala langu si tupu."

Ndovu alijikunyata, mwili wote ule, akapita nyuma ya nyumba ili asikutane na mtu. Chumba alichotaka kujenga hakikuwa na mgeni tena.

Mama Kindi alitaka kucheka, lakini akajizuia. Alijua vizuri jinsi aibu inavyochoma mbele za watu, akamwonea huruma hata yeye.

Kwa hiyo, wanangu, msimtangaze mwenzenu kwamba hana kitu, maana aibu yake huweza kuhamia kwenu.