Jua la Mama Sumaku

Koleo la mhunzi likivunjika, chuma hakikai motoni kikimhurumia. Ama atafute koleo jingine, ama afunge karakana aende kulala. Wahenga waliliona hilo wakatuachia neno, na asiyeliamini na asikilize yaliyomkuta Mama Sumaku.

Jina hilo alipewa na wenzake kazini, kwa kuwa alikuwa fundi mkuu wa sumaku katika mtambo mmoja wa ajabu. Ajabu kwelikweli! Ndani ya mtambo ule watu walikuwa wakitengeneza jua. Walichukua haidrojeni, gesi iliyomo hata katika maji ya kunywa, wakaipasha moto mpaka ikalishinda jua lenyewe kwa joto, ili chembe zake ziungane na kutoa nishati isiyo na moshi wala masizi. Sasa moto wa namna hiyo utautia katika chungu gani? Hakuna chungu. Sumaku ndizo zilizoubeba, ukaelea katikati ya tumbo la mtambo bila kugusa ukuta. Balaa ni kwamba kila mara uligusa. Uliyumba, ukagusa, ukafa kabla mtu hajamaliza kupiga chafya.

"Mwanangu," mama mkwe wake alizoea kumtania, "jua lipo nje, tena la bure. Hilo lenu la nini?"

"Letu halitazama jioni, mama."

"Basi lichomoze kwanza, ndipo ulisifu!"

Mama Sumaku alicheka, lakini moyoni neno hilo lilimuuma. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kuwaambia bila kupepesa macho: moto usipotulia kabla ya mwaka kwisha, mtambo utafungwa. Na Mama Sumaku ujana wake wote alikuwa ameumalizia pale.

Kazini walikuwa na desturi yao. Kabla ya kuwasha, mwongozaji aliita kwenye kipaza sauti, "Hodi!" Kila fundi aliyekwisha kukagua vifaa vyake aliitika, "Karibu!" Desturi nzuri, ila ilikuwa na mtego. Nani kati yetu akisikia hodi hufikiri kwanza? Asubuhi moja Mama Sumaku alikuwa ameinama akifunga kamba za kiatu. "Hodi!" "Karibu!" ulimi ukamponyoka, naye hajatazama maji ya kupoza sumaku. Pampu ilikuwa imezimwa isafishwe. Kishindo kikatikisa sakafu, harufu ya kuungua ikajaa kila chumba, na sumaku kubwa kuliko zote ikawa mkaa.

"Ni mimi," alisema mbele ya wote, machozi yakimlengalenga. "Nimeitika bila kuangalia. Naacha kazi leo hii."

Mkurugenzi, mzee mkavu asiyejua kubembeleza, alimkazia macho. "Uache kazi, nani azisuke upya nyaya za sumaku hii? Mimi? Mimi hata kifungo cha shati sijui kushona!"

Watu wakaangua kicheko, na Mama Sumaku kwa aibu na uchungu akavaa glavu. Siku hiyohiyo neno likabadilishwa: hodi ikipigwa, jibu sasa lingekuwa "Nimeona".

Wakaanza kuzifumua nyaya za shaba zilizoungua, tabaka baada ya tabaka. Walipofika tabaka la ndani kabisa, Mama Sumaku akachukua rula. Akapima. Akapima tena.

"Jamani, njooni mwone! Imelala upande!"

Tangu siku ilipofungwa mtamboni, sumaku ile ilikuwa imeinama kwa unene wa ukucha, mahali ambapo jicho lisingefika bila kuivunja. Kumbe miaka yote ile moto haukuwa mkaidi. Wao wenyewe ndio waliokuwa wakiusukuma ukutani.

Wakaisuka upya, safari hii imenyooka. Vidole vilichubuka, migongo ikakakamaa, na mwaka ulikuwa ukiyoyoma walipoirudisha mahali pake.

"Hodi!"

Mama Sumaku aliikagua pampu, akaikagua tena. "Nimeona!"

Kwenye skrini mwanga wa waridi ukachanua. Kila mtu akasubiri ufe kama kawaida yake. Haukufa. Ulielea, pete ya moto mkali kuliko jua, imetulia kama maji mtungini. Mama Sumaku alihisi nywele zikimsimama. Ee Mola! Kinachowaka ndani ya nyota kilikuwa pale, nyuma ya ukuta mmoja tu. Alijua wazi kwamba umeme waliotumia bado ulizidi nishati waliyoipata, na kwamba safari ya kufika majumbani mwa watu ilikuwa ndefu. Hata hivyo hakubandua macho kwenye skrini, wala hakuna aliyethubutu kukohoa.

Hatimaye akatazama vipimo vyake. "Sumaku zinapata joto. Zimeni."

Hakuna aliyesogea.

"Nani huwa anazima?" mwongozaji aliuliza, akiitumbulia macho meza yake mwenyewe.

Wakatazamana. Miaka yote moto ulijifia wenyewe. Hakuna binadamu pale aliyewahi kuuzima.

Mkurugenzi akamwonyesha Mama Sumaku kitufe. "Zima wewe, mwanangu. Kesho utauwasha tena, na mwakani pia."

Akabonyeza huku akilia waziwazi. Ama kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.