Hondohondo Alitua kwa Ajili ya Nani?

Sogeeni karibu, na anayenyonyesha asogee na mtoto wake. Nina kesi iliyonishinda, nawaletea ninyi.

Katika milima ya Upare waliishi dada watatu, wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa, Nakijwa, alikuwa na masikio: ndege akipiga mabawa ng'ambo ya bonde, yeye ameshamsikia. Wa katikati, Namsifu, alikuwa na subira. Angeweza kukaa asubuhi nzima bila kukohoa. Mdogo, Nanzia, alikuwa na jicho kali na mkono usiotetemeka. Walipendana, lakini kila mmoja aliumia mwenzake akisifiwa.

Bwana misitu akatangaza kazi ya kuongoza wageni msituni. Nafasi ilikuwa moja tu. Angeipata atakayeleta picha ya hondohondo akimlisha mkewe, iliyopigwa kwa karibu. Sasa ndege huyo ni mwoga sana. Jike huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba. Dume humletea matunda hapo, na akiona mtu hatui.

Nakijwa alifuata sauti ya mabawa mpaka akaupata mti wenye kiota. Angeweza kunyamaza. Akawaonyesha wadogo zake.

Namsifu akawa anakwenda kila asubuhi kusuka vikapu chini ya mti ule, amejifunika khanga ileile ya kijani, mpaka dume akamzoea kama kisiki.

Nanzia aliazima kamera. Siku ya picha akaja amevaa gauni lake jekundu la kwaya, kwa kuwa aliiona ni siku kubwa. Dume alipoliona akageuka na matunda yake, jike akabaki analia ndani ya tundu.

"Umevalia harusi ya nani, mdogo wangu?" Namsifu alimuuliza.

Nanzia akatokwa na machozi. Basi Namsifu, ingawa alimwonea wivu, alivua khanga yake akamfunika mdogo wake mpaka kichwani, akamwonyesha namna ya kuinamia kikapu. Kisha akaondoka, ili ndege amwone mtu mmoja, yule wa siku zote.

Nakijwa alijificha kichakani, ameshika uzi uliofungwa kwenye kidole cha mguu cha Nanzia. Aliposikia mabawa yakija toka mbali, akauvuta.

Nanzia akaandaa kamera ndani ya khanga. Siafu walimpanda miguuni wakamuuma, hakutikisika. Dume akatua, tunda likapita kwenye ufa, Nanzia akabonyeza. Hata kope za ndege zilionekana kwenye picha.

Bwana misitu alipouliza aandike jina la nani, ndipo maneno yalipoanza.

"Kamera niliishika mimi, na siafu waliniuma mimi," alisema Nanzia.

"Bila masikio yangu ungeleta picha ya majani," alijibu Nakijwa.

Namsifu alisema taratibu, "Ndege alidhani ni mimi. Asingetua kwa ajili yenu."

Bwana misitu aliwashauri wapokezane kazi. Wote watatu walikataa, na tangu siku hiyo hawaombani hata chumvi. Wageni wako njiani, jina halijaandikwa.

Haya, kazi haikatwi vipande. Ninyi mngempa nani, na wale wawili mngewaambia nini usoni?